Fundi wa Sauti Anajibu: Nani Anaisikia Feni Yako?

Mwezi huu kapu la barua limejaa makelele. Wapo wanaolalamikia feni za kompyuta, yupo anayejisikia mwenyewe mara mbili, na yupo mama mmoja anayemlalamikia mumewe. Kwa msomaji mgeni niseme tu kwamba mimi si mtu wa kompyuta wa kuzaliwa. Nilianzia kwenye chumba cha mitambo cha redio, enzi za kanda za sumaku, na kompyuta nilizikuta ukubwani. Ndiyo maana swali langu la kwanza huwa lile lile, na wenyeji wa safu hii wameshalichoka: nani anasikia?

*Fundi, habari za kazi. Nafundisha hesabu kwa video, wanafunzi 25 kwa mpigo. Kila kipindi, ikifika kama dakika ya kumi, laptopu yangu inaanza kuvuma. Mimi naona ni uvumi mdogo tu, lakini wanafunzi wanasema wanasikia ndege inayotaka kuruka. Sasa imefika mahali nikisema "sita" wengine wanasikia "ita". Nimepunguza sauti ya spika, wapi. Nimeongeza sauti ya maiki, ndiyo nikaharibu kabisa. Je, ninunue laptopu nyingine? — Mwalimu wa hesabu*

Usinunue, mwalimu. Angalau si wiki hii.

Umeandika jambo ambalo wengi hawalioni: wewe unasikia uvumi mdogo, wao wanasikia ndege. Nyote mnasema kweli. Masikio yako yako mbali na feni, na ubongo wako umeshaizoea kama unavyozoea saa ya ukutani. Maiki ya laptopu haina ubongo wa kuzoea. Imechomekwa juu ya kioo au kando ya kibodi, kwenye mashine ile ile yenye feni, na kinywa chako kiko nusu mita au zaidi. Kwa maiki hiyo, jirani wa karibu ni feni. Wewe ni mtu anayeita kutoka ng'ambo ya uwanja.

Halafu kuna mchezo mwingine unaofanyika bila wewe kuambiwa. Programu nyingi za mikutano hurekebisha nguvu ya maiki zenyewe. Ukinyamaza ili mwanafunzi afikirie jibu, programu inadhani umesogea mbali, inaongeza nguvu polepole, na kilichobaki cha kuongezwa ni feni. Ndege ndiyo hiyo inapaa. Ukianza kusema tena, inashuka ghafla. Ingia kwenye mipangilio ya sauti, tafuta mahali palipoandikwa kwamba programu irekebishe maiki yenyewe, uondoe alama. Kisha panga nguvu ya maiki kwa mkono wako: iwe ya kutosha unaposema kwa sauti ya kawaida, isizidi hapo. Ulipoiongeza ulikuwa unaiongeza feni pamoja na wewe, kwa kiasi kile kile.

Sasa "sita" kuwa "ita". Hiyo ilinifurahisha, samahani, maana inaonyesha ugonjwa ulipo. Herufi kama *s*, *f* na *sh* kwa asili ni upepo unaopita kwenye meno na midomo. Hazina mlio wa koo. Feni nayo ni upepo. Programu inapojaribu kufuta kelele za nyuma, hutafuta kitu kinachofanana na upepo na kukikata, na kama feni ina nguvu karibu sawa na sauti yako, huo mkasi hauwezi kutofautisha upepo wa meno yako na upepo wa mashine. Wazo la kupima kelele isiyobadilika na kuitoa kwenye usemi ni la zamani, limeandikwa tangu 1979, na programu za siku hizi zilizofundishwa kwa mifano mingi zinalifanya vizuri kupita kiasi. Lakini hakuna hata moja inayoweza kurudisha herufi iliyozama. Kwa hiyo tunaanza kwa kuisogeza sauti yako mbele ya feni, halafu mkasi ufanye kazi ndogo iliyobaki.

Njia ya haraka kuliko zote ni kupata hedifoni ya waya yenye kamkono ka maiki kanakofika karibu na mdomo. Hata ya bei rahisi. Kila ukipunguza umbali kati ya kinywa na maiki kwa nusu, sauti yako inapanda kwa takriban desibeli 6. Kutoka sentimita 60 hadi 5 ni zaidi ya desibeli 20, na feni haijaongezeka hata kidogo. Tena imeachwa nyuma. Weka maiki kwenye kona ya mdomo, si mbele ya midomo, la sivyo kila "p" itapiga kama ngoma. Na hakikisha programu imechagua maiki ya hedifoni. Nimeona watu wakivaa hedifoni ya maana huku programu bado inasikiliza maiki ya laptopu. Ikuna kidogo kwa kucha: kama mstari wa sauti kwenye mipangilio hauruki, siyo hiyo inayosikilizwa.

Hapo wanafunzi watapona. Lakini feni bado inanguruma, nami siwezi kukuacha hapo, kwa sababu feni haijiwashi kwa ukorofi. Inapoza. Swali ni nini kinachoipasha laptopu moto kila dakika ya kumi.

Watu hudhani video ya kikundi ni sawa na kutazama filamu. Filamu inakuja upande mmoja, imeshakunjwa tayari, yaani imepunguzwa ukubwa ili isafiri, kazi yako ni kuikunjua tu. Kwenye darasa lako mashine inakunja sura yako na kuituma, mara nyingi katika ukubwa zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja ili mwenye mtandao mdogo apate picha ndogo. Papo hapo inakunjua nyuso za wanafunzi, kila mmoja na mkondo wake, inazipanga kwenye miraba, inafuta kelele, inafuta mwangwi. Na kama umeweka ile picha ya bandia nyuma yako, rafu za vitabu ambazo si zako, basi kila sekunde, mara nyingi kwa sekunde, inakuchonga upya ukingo wa nywele zako. Hiyo picha ya nyuma ndiyo mshukiwa wangu wa kwanza siku zote. Iondoe. Kaa mbele ya ukuta mtupu.

Mshukiwa wa pili ni ile miraba. Unapofundisha huhitaji kuona nyuso 25 zote kwa pamoja. Chagua mwonekano wa msemaji mmoja, au punguza idadi ya miraba, urudi kwenye nyuso zote pale unapotaka kuona nani amesinzia. Punguza pia ubora wa video yako kutoka ule wa juu kabisa. Hesabu za ubaoni hazihitaji vinyweleo vya uso wako. Na jitazame kidogo: ukificha picha yako mwenyewe kwenye kioo chako, wanafunzi bado wanakuona, ila mashine ina dirisha moja pungufu la kuchora.

Kabla ya kipindi, fungua orodha ya programu zinazofanya kazi. Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja. Kwenye Mac fungua Activity Monitor. Ipange kwa matumizi ya prosesa, ule ubongo wa mashine, anayekula zaidi awe juu. Mara nyingi utamkuta mgeni hujamwalika: kivinjari chenye kurasa 40, programu inayonakili mafaili kwenda mtandaoni, au kinga ya virusi iliyoamua kukagua diski nzima saa ile ile ya darasa. Ahirisha hizo.

Kitu kimoja zaidi ndani ya mipangilio, na hapa naomba uvumilivu. Kazi ya kukunja na kukunjua video inaweza kufanywa na prosesa kuu, ambayo inahangaika, au na sehemu maalumu ndani ya kadi ya picha, iliyoundwa kwa kazi hiyo na haitoki jasho. Kwenye mipangilio ya programu au ya kivinjari kuna mahali pa kuruhusu kadi ya picha isaidie. Iwe imewashwa. Tatizo ni kwamba mashine za zamani zina sehemu maalumu ya kukunjua H.264, mtindo wa zamani wa kukunja video, lakini hazina ya VP9 wala AV1, ambazo ni mitindo mipya. Mtandao ukikuletea mtindo mpya, prosesa kuu inabeba mzigo wote. Ndiyo maana laptopu ile ile inaweza kuwa kimya kwenye programu moja ya mikutano na kulia kwenye nyingine. Jaribu zote mbili kabla hujailaumu mashine: programu iliyosakinishwa, na ile ile ukiifungulia kwenye kivinjari.

Kama unatumia Windows, kuna dawa ambayo mimi naipenda kuliko zote, ingawa kwenye baadhi ya laptopu imefichwa. Kwenye mipango ya umeme, ndani ya mipangilio ya prosesa, kuna kiwango cha juu cha prosesa, kimeandikwa asilimia 100. Kifanye 99. Inaonekana kama mzaha. Lakini ile asilimia moja kwa kawaida inaizuia prosesa isiruke juu ya kasi yake ya kawaida, na ni katika kuruka huko ndiko joto linakozaliwa. Utapoteza kasi kidogo katika kazi nzito, na kikaoni huenda usione tofauti. Wenye laptopu za Mac, tangu toleo la Monterey la 2021, wana hali ya kupunguza matumizi ya umeme inayofanya kazi ya namna hiyo hiyo.

Na usidhani upungufu mdogo wa joto hauna maana. Kelele ya feni haipungui kwa mstari ulionyooka. Feni ikizunguka kwa nusu ya kasi yake, kelele yake hushuka kwa desibeli kama 15, na kwa sikio la binadamu kila desibeli 10 ni kama nusu ya ukubwa wa sauti. Ukiiondolea mashine mzigo wa theluthi, utashangaa.

Mwisho, laptopu inakaa juu ya nini? Mimi mwenyewe, naona haya kusema, nilifanya mikutano ya mwezi mzima laptopu ikiwa juu ya mto. Dada yangu akaniuliza kila mara nikimpigia kwa nini niko kwenye basi. Nilikuwa nimeziba matundu ya chini, feni inavuta kitambaa badala ya hewa. Meza ngumu, na vitabu viwili vyembamba chini ya ukingo wa nyuma ili hewa ipite. Ile sauti ya basi ilikwisha siku hiyo hiyo.

Kisha jirekodi, mwalimu. Dakika moja: sekunde 20 za kunyamaza, nyingine za kuhesabu moja hadi kumi, ukiwa katikati ya mkutano wa majaribio na mashine imeshapata moto. Sikiliza kwa hedifoni. Ndiyo mara ya kwanza utamsikia yule mwalimu wanayemsikia wanafunzi.

*Mzee, toleo lililopita ulitushauri tupulize vumbi ndani ya kompyuta. Nilipuliza kwa blowa, feni ikazunguka kama pia, nikafurahi. Sasa inakwaruza hata kompyuta ikiwa baridi. Ushauri wako huo! — Msomaji mwenye hasira*

Una haki ya kukasirika, na kosa nusu ni langu. Niliandika kwamba mashine izimwe, chaja itolewe, vumbi lipulizwe kwa vipindi vifupi. Sikuandika kwamba feni ishikiliwe isizunguke. Hewa kali huizungusha kuliko ilivyotengenezewa, na beringi haivumilii. Tena feni inayozungushwa kwa nguvu hugeuka jenereta ndogo na kurudisha umeme kwenye bodi. Kijiti cha plastiki au cha mbao kati ya mabawa kinatosha, au kidole kama kinafika.

Sasa tusikilize. Feni yenye afya huvuma kama pumzi, na inapopunguza mwendo mvumo hupungua vilevile. Yako inakwaruza ikiwa baridi, polepole, bila mzigo. Hiyo ni beringi, haiponi kwa mafuta ya cherehani ingawa itakudanganya wiki moja. Badilisha feni. Kwenye kompyuta ya mezani ni kazi ya bisibisi moja na skrubu nne. Ukiwa na nafasi weka feni kubwa kuliko ile ya zamani, ya milimita 120 badala ya 80 kwa mfano, kwa sababu pana inasukuma hewa ile ile kwa mizunguko michache na kwa hiyo kwa kelele ndogo. Kwenye laptopu feni huja kwa umbo la modeli yake tu, basi tafuta inayolingana na namba iliyoandikwa juu yake.

Ukiwa umeshafungua, na kama mashine ina miaka mingi, mwombe fundi atazame pesti ya kupozea iliyo kati ya prosesa na bamba la shaba. Ikikauka na kupasuka kama tope la kiangazi, joto halivuki vizuri, na feni mpya itapiga kelele kama ya zamani.

*Ndugu Fundi, mimi ni katibu wa kamati. Kila nikizungumza najisikia tena baada ya muda mfupi, naanza kugugumia mbele ya watu. Nimebadilisha laptopu, nimebadilisha hedifoni, nimewasha upya kila kitu. Mwangwi uko pale pale. — Katibu*

Ndugu Katibu, pesa zako zimekwenda bure. Mwangwi unaousikia wewe hautoki kwako.

Fuata njia ya sauti. Unasema, sauti inasafiri, inatoka kwenye spika ya mjumbe fulani, maiki ya mjumbe huyo inaisikia na kuirudisha kikaoni. Wote wanaisikia, isipokuwa yeye. Yeye amekaa raha mustarehe, kwake kikao ni safi kabisa, na pengine ndiye anayekupa pole kwa mtandao wako mbaya. Sheria ni hiyo: anayejisikia ni mgonjwa wa ugonjwa wa mwingine.

Kugugumia kwako si woga. Imejulikana tangu 1950 kwamba mtu akirudishiwa sauti yake ikiwa imechelewa, hasa kwa kama sehemu moja ya tano ya sekunde, ulimi hujikanyaga. Hata mtangazaji mzoefu. Nimewahi kukata waya wa sauti ya marejeo katikati ya kipindi kumwokoa mmoja.

Programu zina kinga. Zinajua zimepeleka nini kwenye spika, kwa hiyo hutoa kile kile kwenye kinachoingia kwenye maiki. Kinga hushindwa pale spika inapofunguliwa hadi inapasuka, kwa sababu kinachotoka si kile kilichotumwa. Hushindwa pia kwa spika ya Bluetooth inayochelewesha sauti. Na hushindwa vibaya watu wawili wakikaa chumba kimoja na laptopu mbili, kila moja imefungua maiki na spika. Laptopu ya kwanza haijui ya pili imesema nini, haiwezi kuitoa. Hapo huzaliwa si mwangwi tu bali ule mluzi unaopanda mpaka watu wanavua hedifoni.

Mtafute hivi. Waombe wote wazime maiki isipokuwa wewe. Sema. Kimya? Sasa mmoja mmoja awashe, wewe ukiendelea kuhesabu. Mwangwi ukirudi, umempata. Ukiwa mwenyekiti au msimamizi wa kikao unaweza kuwazima mwenyewe, ni haraka zaidi na hakuna anayebisha. Aliyepatikana avae hedifoni, au apunguze spika hadi nusu. Wale wa chumba kimoja, kifaa kimoja tu ndicho kiwe na maiki na spika, vingine vibaki na picha.

*Shikamoo. Nina vipokea sauti vya Bluetooth, muziki unatoka mtamu kabisa. Nikiingia kikaoni vinageuka sauti ya kopo, kwangu na kwa wenzangu. Vimeharibika? — Kijana, mwanafunzi wa chuo*

Marahaba, mwanangu. Havijaharibika. Ukisikiliza muziki, njia yote ya redio inakwenda upande mmoja, kutoka kompyuta kuja masikioni. Ukiwasha maiki, njia hiyo hiyo inabidi ibebe sauti za kwenda na kurudi, basi Bluetooth inahamia kwenye mtindo wake wa simu. Muziki hupimwa mara 44,100 au 48,000 kwa sekunde. Mtindo wa simu wa zamani hupima mara 8,000, ulio bora kidogo mara 16,000. Kopo lako ni hesabu hiyo tu.

Dawa haina gharama: kwenye mipangilio ya kikao acha spika iwe Bluetooth, lakini maiki chagua ya laptopu au ya USB. Vipokea sauti vitarudi kwenye mtindo wa muziki papo hapo, utasikia mlango ukifunguka. Kasoro yake unaijua ukisoma barua ya mwalimu hapo juu: sasa wenzako wanasikia feni yako. Kwa kikao kirefu cha watu wengi mimi hurudi kwenye waya, sioni aibu. Vifaa vipya vya Bluetooth vyenye LE Audio vinapunguza tatizo hili, ila lazima kompyuta na vipokea sauti vyote viwili viujue mtindo huo.

*Sauti yangu inakuwa ya roboti, inakatikakatika, mara inakimbia mbio. Mimi nawasikia wenzangu vizuri. — Mhasibu*

Wao wanamsikia roboti, wewe unawasikia vizuri: basi tatizo liko kwenye njia yako ya kwenda, si ya kurudi. Sauti hukatwa vipande vidogo, kwa kawaida vya milisekunde 20, yaani vipande 50 kila sekunde. Vikipotea, programu ya upande wa pili inabahatisha kujaza pengo, ndiyo roboti. Vikichelewa vikafika kwa mkupuo, inaviharakisha, ndiyo mbio.

Zima video yako kwanza. Sauti nzuri ya mazungumzo hutosheka na kilobiti 30 hivi kwa sekunde. Video inataka mamia, mara nyingi zaidi ya 1,000, na mitandao mingi ya nyumbani ina njia nyembamba ya kupeleka kuliko ya kupokea. Kama roboti anaondoka video ikizimwa, umejua. Sogea karibu na ruta, hamia Wi-Fi ya gigahezi 5 badala ya 2.4, au chomeka waya.

Asipoondoka, tazama tena ile orodha ya programu. Prosesa nyingi zikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi hujipunguza kasi ili zisiungue, na sauti nayo huweza kukatika. Watu wanalaumu mtandao, kumbe ni lile joto la mwalimu wa hesabu.

*Kuna programu ya kuzima feni kabisa wakati wa kikao? — Asiyependa maneno mengi*

Zipo za kuipunguza. Usizime. Utapata dakika chache za kimya, kisha kikao kitaganda.

*Fundi, mume wangu alikuwa na feni hiyo hiyo mnayoizungumzia. Nimemnunulia hedifoni kubwa inayoziba masikio yote. Sasa feni hatuisikii, lakini yeye anapiga kelele kikaoni mpaka majirani wanajua bajeti ya ofisi yao. Nikimwambia anasema hapigi kelele. — Mama wa nyumba ya jirani na ofisi*

Mama, nimecheka mpaka miwani ikaanguka, kisha nikaona ni mimi nimesababisha, kwa kuwahimiza watu hedifoni kila toleo.

Hadanganyi anaposema hapigi kelele. Mwaka 1911 daktari Mfaransa wa masikio, Étienne Lombard, alieleza jinsi mtu akiwekewa kelele masikioni anavyopandisha sauti bila kujua, na ikiondolewa anashuka, bila kujua vilevile. Mumeo ana sauti za wenzake ndani ya masikio, na hedifoni imemzibia sauti yake mwenyewe. Anajipima kwa kipimo ambacho hakioni. Waliotengeneza simu za mezani walilijua hili, wakawa wanarudisha sauti ya msemaji kidogo sana kwenye sikio lake, ndiyo maana watu hawakuwa wakipiga kelele kwenye mkono wa simu ya waya ilipokuwa nzima.

Hedifoni nyingi za mikutano zina mpangilio huo huo, wa kumrudishia msemaji sauti yake. Autafute na auweke chini, asikie tu kwamba yupo. Apunguze pia sauti ya kusikilizia. Kama hedifoni yake haina mpangilio huo, asogeze upande mmoja nyuma ya sikio, kama sisi tulivyokuwa tukifanya chumba cha mitambo, sikio moja kikaoni, jingine chumbani.

Na ukimsikia amepanda tena, usimwambie kwa mdomo. Maiki yake sasa iko karibu, itakupeleka kikaoni na wewe. Mwonyeshe kiganja kinachoshuka.